Pete Ambayo Haikuanguka

"Shakul, kuna mwanamke wa Kenya amekaa hapa kwangu, na ana pete. Anasema ni yako."

Sauti ya Jaliah kwenye simu ilikuwa ya chini, ile ya mtu anayeongea huku amempa mgeni mgongo. Shakul alikuwa Mbale, kazini, ameshika kijiko cha kuonjea kahawa, na mbele yake vikombe kumi na viwili vimepangwa mezani. Alikiweka kijiko chini taratibu.

"Mwanamke gani?"

"Anaitwa Metrine. Anasema mlikuwa wote Spein."

"Ee, Metrine. Yule wa kahawa, wa Bungoma. Si nilikwambia habari zake?"

"Habari zake uliniambia. Habari ya pete hukuniambia." Akashusha sauti zaidi. "Anasema hii ni badala ya ile. Nikamuuliza ile ipi, akacheka, akasema nikuulize wewe. Sasa nakuuliza. Ile ipi, Shakul?"

Ilikuwa Jumatano alasiri, na ndoa ilikuwa Ijumaa. Kadi zilikuwa zimeshagawanywa, moja mpaka Bungoma kwa Metrine, na mahari imeshafika Masese: msahafu mpya na friji ya kuhifadhia samaki, kwa sababu bibi harusi mwenyewe alisema dhahabu haigandishi samaki. Bwana harusi sasa jasho lilikuwa linamteremka mgongoni, maana pete aliyoulizwa haikuwahi kuwepo. Haikununuliwa, haikupotea, haikuanguka popote. Waliojua hilo walikuwa wawili tu, yeye na Mungu, na kwa miezi mitatu alikuwa akimwomba huyo wa pili amsitiri.

Turudi nyuma kidogo, maana uongo nao huwa una utoto wake.

Jaliah alikuwa mwanamke wa samaki pale Masese, ufukweni mwa ziwa, Jinja. Alinunua mukene, wale dagaa wa ziwani, akawaanika na kuwauza kwa Wakenya wanaokuja na malori. Kwenye mizani hakuna aliyemchezea. Lakini alikuwa ameshaolewa mara moja, huko Kimaka, akakaa miaka mitano bila mtoto, na asubuhi moja mume akampakia kwenye bodaboda na sanduku lake, akamrudisha kwa kaka yake Mugweri. Hakumtukana. Alisema tu kwamba mama yake anataka wajukuu. Toka siku hiyo, mwanamume akimchekea Jaliah anaulizwa anataka kilo ngapi, basi.

Shakul, Mgisu wa Mbale, mwonja kahawa kwenye chama cha wakulima wa mlimani, alimposa mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa neno moja: sitaki kurudishwa tena.

Ndipo ikaja safari. Wanunuzi wa kahawa wa Madrid waliwaalika waonjaji wa pande zote mbili za Mlima Elgon, Uganda na Kenya, wakae wiki moja, na siku ya mwisho iwe ya matembezi: asubuhi treni mpaka Kordoba, jioni kurudi. Shakul aliposikia Kordoba alikosa usingizi. Katika duka la marehemu baba yake, pale Namatala, palikuwa na kalenda ambayo haikuondolewa ukutani hata mwaka wake ulipopita, na picha yake ilikuwa nguzo nyingi zenye matao ya nyekundu na nyeupe. Baba alikuwa akimwambia, huu ni msikiti wa Kordoba, na walioujenga walikuwa watu kweli. Shakul akakua akijua kwamba kule kuna msikiti, kama alivyojua kwamba juu ya Mbale kuna mlima Wanale. Hakuuliza zaidi. Akamsimulia Jaliah kalenda nzima, nguzo kwa nguzo, mpaka Jaliah naye akaiota.

Siku mbili kabla ya kupanda ndege, Jaliah akamwambia, "Ukifika pale niombee rakaa mbili. Umwambie Mungu Jaliah wa Masese anaomba mtoto."

"Nitakuombea."

"Ukishaniombea pale, nitajua nimebisha mlango wa mwisho. Nitakubali unioe, nipate nisipate. Na naweka nadhiri. Kuanzia siku hiyo mpaka siku ya ndoa, kila Jumatatu na Alhamisi nitafunga."

Mwanamke aliyekataa mara mbili alikuwa amesema nitakubali. Shakul angeweza kwenda Kordoba kwa miguu.

Na Kordoba ni mji mzuri, asikudanganye mtu. Vichochoro vyembamba, kuta nyeupe, vyungu vya maua vimetundikwa mpaka juu ya madirisha. Kuna daraja la kale, na chini yake mto ambao mtu aliyezoea Nile pale Jinja angeuita mfereji, japo Shakul hakusema, alikuwa mgeni wa watu. Metrine alipiga picha kila kitu, mpaka sahani za chakula za watu asiowajua. Shakul hakupiga hata moja. Alikuwa ametawadha hotelini Madrid tangu alfajiri, na njia nzima alijibana udhu usimtoke. Hata kahawa alikataa, yeye.

Mlangoni wakamwambia avue kofia. Alidhani hakusikia vizuri, mpaka mlinzi akaonyesha kichwa kwa kidole. Mwongozaji wao akaeleza kwamba hili ni kanisa, karibu miaka mia nane sasa, na kwamba jina la msikiti limebaki midomoni mwa watu tu. Shakul akavua kofia, akaikunja mfukoni. Ndani, matao yalikuwa yaleyale ya kalenda, mamia kwa mamia, na katikati yake madhabahu na msalaba. Mihrabu ilikuwepo, inameta, imezungushiwa vyuma.

Mtu mwingine angesema Mungu ameiona nia yangu, akaomba kimya amesimama. Shakul alimfikiria Jaliah anayesubiri, akasogea nyuma ya nguzo, akaelekea alikodhani ndiko kibla, akafunga swala upesi upesi, akapiga magoti asujudu. Paji la uso lilikuwa halijafika sakafuni alipoguswa bega.

Mlinzi akamwambia kwa Kiingereza kwamba hapa kuswali hairuhusiwi, na akauliza kama alikuwa anaswali. Hakuwa mkali. Mpaka leo Shakul anasema angekuwa mkali ingekuwa afadhali.

"Hapana," akajibu. "Siswali. Nimeangusha pete. Pete ya mchumba wangu."

Uso wa mlinzi ukabadilika, ukajaa huruma. Naye akapiga magoti. Akamwita mwenzake. Wanawake wawili wazee, watalii kutoka sijui wapi, wakashikana mikono wakajishusha mpaka chini, magoti yao yakilia. Metrine akaja mbio, akawasha tochi ya simu.

"Pole, Shakul. Ilikuwa ya dhahabu?"

"Ee."

"Tutaiona. Haiwezi kuenda mbali."

Robo saa nzima, watu sita walikuwa wamepiga magoti ndani ya ule uliokuwa msikiti wa Kordoba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaswali. Shakul alikuwa katikati yao, anapapasa sakafu. Hakumwombea Jaliah hata moyoni. Moyoni alikuwa anatafuta pete ambayo haikuanguka.

Kwenye treni ya kurudi Madrid, Jaliah alipiga.

"Umefika?"

"Nilifika."

"Umeniombea?"

Nje ya dirisha mizeituni ilikuwa inakimbia safu kwa safu. Akisema hapana, hakuna ndoa. Akisema ndiyo, ni neno moja tu, na nani atajua.

"Nimekuombea."

Akamsikia analia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kisha Jaliah akapenga kamasi, akasema, "Kesho ni Alhamisi. Naanza kesho."

Neno moja likaomba wenzake. Aliporudi, Ijumaa moja alikwenda Masese kuonana na Mugweri kama mkwe, na baada ya swala Sheikh Isiko akamsimamisha awape watu habari za msikiti wa kale. Shakul angeweza kusimulia matao akaketi. Badala yake akasema aliswali pale rakaa mbili, machozi yakamtoka, na wenyeji wakampisha kwa heshima. Mzee Swaibu, mshona nyavu, aliyekuwa safu ya mbele, akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kuanzia siku hiyo pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wakawa wanamwita Hajji wa Spein, kwa utani wa mapenzi, na kila alipoitwa alitamani kuingia chini ya mtumbwi.

Na Jaliah alifunga. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, juani, akigeuza mukene kwenye chanja. Shakul alikuwa akimpigia jioni kumuuliza amefungua na nini. Anajibiwa uji na chapati, au chai tu, leo nimechoka. Kisha anakata simu, anakaa anaangalia mikono yake.

Sasa tumrudie pale tulipomwacha, kijiko mezani, swali sikioni. Ile ipi?

Uongo mwingine ulikuwa umeshajileta wenyewe, umeoga, umevaa vizuri.

"Nilikununulia pete kule," akasema. "Ikaniponyoka ndani ya lile jengo. Niliitafuta sikuiona. Niliona haya kukwambia."

Upande wa pili akasikia kicheko chenye machozi ndani yake.

"Bambi, pole, Shakul. Miezi yote hiyo ulikuwa unateseka peke yako? Na mimi nilikuwa namwangalia huyu dada wa watu kwa jicho baya, hata chai sikumpa." Sauti ikageuka pembeni. "Nyabo, nisamehe. Nakuletea chai sasa hivi."

Baadaye ukaingia ujumbe: "Nimeivaa. Imenikaa kama nilipimwa. Metrine anasema watu wa safari yenu walichanga wote, hata wazungu. Mungu akulipe kwa moyo wako."

Shakul aliusoma mara tatu. Kisha akarudi kwenye vikombe vyake, akaonja vyote kumi na viwili, na hakupata ladha ya hata kimoja. Aliandika alama za kubahatisha. Kahawa za watu waliozibeba kichwani kutoka mlimani, akazipa alama za kubahatisha, na hilo nalo akaliongeza kwenye aibu zake.

Alhamisi, adhuhuri imeshapita, alifika Masese na begi la nguo za harusi. Wa kwanza kumlaki alikuwa Metrine, kilemba kipya kichwani, ameketi nje kwa Mugweri anamenya ndizi pamoja na wanawake wa nyumba. Alinyanyuka, akamvuta pembeni mpaka kwenye kona ya ukuta.

"Asante kwa pete," Shakul akaanza.

"Ngoja. Jana huyu dada aliniuliza kitu. Ati nimsimulie vile uliswali. Nikamwambia mimi ni Mkristo, mambo yenu siyajui sana."

"Umefanya vizuri."

"Lakini mimi nilikuwa na wewe tangu mlangoni mpaka tukatoka. Uliswali saa ngapi?"

Shakul akahamishia begi bega la pili.

"Na ile pete uliinunua wapi? Si tulitembea pamoja wiki mzima. Nikakaa hapa usiku nikifikiria." Alimtazama, naye Shakul akatazama viatu vyake. Metrine akashusha pumzi. "Haya. Kwa hivyo mimi nilipiga magoti kutafuta nini?"

"Metrine, naomba..."

"Usiniombe. Mimi nitanyamaza, hii si ndoa yangu. Kesho nitakula pilau yenu nirudi kwetu. Lakini huyo dada amefunga, na yuko huko chini kwa hii jua anaanika samaki. Enda umuone."

Alikwenda. Kwa desturi bibi harusi siku kama hiyo huwa ndani, mashangazi wanamsugua na kumpaka. Jaliah aliwakatalia. Alisema lori la Wakenya linaondoka jioni na samaki hawajui harusi. Alikuwa ameinama kwenye chanja, kitambaa kimefungwa usoni kwa ajili ya nzi, na midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Alipomwona Shakul alijaribu kusimama wima, akayumba, akashika nguzo ya chanja, akaketi juu ya gunia. Shakul akachota maji kwenye ndoo, akamwekea kikombe mdomoni.

Jaliah akageuza uso. "Leo ni Alhamisi."

"Angalau usukutue."

"Ni ya mwisho, Shakul. Niache niimalize vizuri." Akainua mkono, pete ikang'aa katikati ya magamba ya samaki. "Unaona? Unajua jana nililala usingizi kama mtoto. Hata nisipojaliwa mtoto sasa, nitasema basi, niliombewa. Kuna mtu alivuka bahari akanipigia magoti. Mimi sijawahi kupigiwa magoti na mtu."

Shakul alikuwa salama wakati huo. Ndilo jambo la kuelewa. Pete ilikuwa kidoleni, shahidi amekubali kunyamaza, kesho ni ndoa. Hakuna aliyemshika koo. Aibu ilimshika pale alipokuwa salama kabisa, ikamkaba kiasi kwamba alisema bila kupanga aseme nini.

"Sikukuombea."

"Nini?"

"Kule Kordoba. Sikukuombea, Jaliah. Kuswali ni marufuku kule, ni kanisa. Mlinzi aliniuliza kama naswali. Badala ya kusema ndiyo, mimi ni Mwislamu, nilisema nimeangusha pete. Hakukuwa na pete. Wale watu wote walikuwa wanatafuta uongo wangu."

Jaliah aliishusha mikono magotini. Aliitazama ile pete, kisha akamtazama yeye, kisha akatazama ziwa, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Na moyoni? Hata moyoni hukuniombea?"

Hapa nako palikuwa na mlango wa kutokea. Nani awezaye kuchungulia moyo wa mtu?

"Hata moyoni," Shakul akasema.

Ndege weupe walishuka kwenye chanja ya mbali wakaanza kuiba dagaa, na Jaliah, ambaye siku zote angewarushia jiwe, hakuwaona.

"Miezi mitatu," akasema. "Ulikuwa unanipigia kila jioni kuniuliza nimefungua na nini. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wewe siku hizo ulifunga hata moja?"

"Hapana."

"Hilo ndilo. Kukatazwa si kosa lako. Kuogopa pia nisingekulaumu, nchi ya watu ni nchi ya watu. Lakini umeniacha na njaa peke yangu, na ukawa unanitazama." Akajipangusa magamba mikononi. "Hapa Masese wananisema mimi si mzazi. Wanasahau mficha uchi naye hazai. Kumbe tuko wawili."

Shakul alipiga magoti kwenye mchanga wenye magamba, si kwa ajili ya kuonekana. Akamsogezea tena kile kikombe. Akamwambia anywe, kwa kuwa nadhiri sasa haina msingi.

"Ondoa maji yako," Jaliah akasema. "Nimefunga kwa ajili ya Mungu, siyo kwa ajili yako. Yeye hakunidanganya."

"Basi nimrudishie Metrine pete."

"Pete siitoi. Hii ni ya watu walionipigia magoti bila hata kunijua. Wewe ndiye sijui nikufanyeje."

Akanyanyuka, akashika nguzo, akarudi kwenye dagaa wake. Alifanya kazi muda mrefu bila kumtazama. Shakul akawa anageuza upande wa pili wa chanja, vibaya, dagaa wakidondoka, na hakuna aliyemwambia aache. Jua lilipoanza kulegea ndipo Jaliah aliposema, bado amempa mgongo:

"Kesho utakuja msikitini?"

"Ukitaka nije."

"Njoo. Kabla sijaulizwa kama nimekubali, simama pale uliposimama siku ile, useme kama ulivyoniambia sasa. Mbele ya Mzee Swaibu na wote. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia na wanawake, nasikia."

"Nikisema, utanikubali?"

"Sijui."

"Jaliah."

"Sijui, Shakul. Mimi nilianza kufunga bila kujua. Na wewe jaribu."

Ijumaa msikiti ulijaa. Wazee wa Mbale walikuwa wamekuja na kanzu zao zilizopigwa pasi, wavuvi wa mwaloni wameoga, na wanawake wako nyuma ya pazia la kijani, Metrine miongoni mwao, amejifunga mtandio wa kuazima. Baada ya swala Sheikh Isiko akaweka meza ndogo katikati na msahafu wa mahari juu yake. Akamkaribisha Mugweri, aliyekuwa walii wa dada yake. Alipofungua mdomo aanze, Shakul akanyoosha mkono.

"Sheikh, kuna sharti la bibi harusi. Naomba nilitimize kwanza."

Akasimama palepale. Baba yake mdogo akamvuta kanzu kutoka chini, anamnong'oneza aketi, mambo ya sharti huzungumzwa nyumbani. Shakul hakuketi. Alisikia masikio yake yanawaka, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mtu mwingine.

"Siku ile nilisema hapa kwamba niliswali Kordoba. Sikuswali. Nilisema wenyeji walinipisha. Hawakunipisha. Niliulizwa kama naswali, nikakana. Nikasema nimeangusha pete, na pete haikuwepo. Nilipotoka nikamdanganya Jaliah kwamba nimemwombea, naye amefunga miezi mitatu kwa uongo wangu. Mnaniita Hajji. Naomba msiniite tena."

Nyuma mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Mnong'ono ulipita safu kwa safu mpaka mlangoni na kurudi. Mzee Swaibu alikuwa safu yake ileile ya mbele.

"Mimi nililia siku ile," akasema.

"Najua, Mzee. Naomba radhi."

"Nililia kwa furaha. Nilikwenda nikawasimulia wa nyumbani kwangu." Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Sasa niwaambie nini?"

Akawa anamtazama Shakul, anangoja kweli aambiwe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko. Sheikh Isiko akakohoa, akasema kwamba Mungu wa Kordoba ndiye wa Masese, na kwamba laiti huyu binti angemuuliza yeye kabla ya kuweka nadhiri angemwambia hivyo bila nauli ya ndege. Watu wachache wakacheka. Kisha akamgeukia Mugweri, akamwambia aende kwa dada yake achukue jibu.

Mugweri akaenda mpaka kwenye pazia, akainama. Akakaa huko. Watu wakaanza kutazama saa zao, na wapishi huko nje wakasikika wakigombania sufuria. Aliporudi, hakuenda kwa sheikh. Alikuja kwa Shakul.

"Anauliza swali moja. Jana ulipomwambia, nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Anasema ujibu vizuri. Yule Mkenya hakukutisha kwamba atasema?"

"Aliniambia atanyamaza," Shakul akasema. "Ningeweza kunyamaza."

Nyuma ya pazia Metrine akasikika, kwa sauti ya mtu aliyesahau yuko wapi: "Ni kweli. Nilimwambia nitanyamaza." Wanawake wakamshusha chini.

Mugweri akarudi pazia mara ya pili. Safari hii hakukawia. Alipita katikati ya safu, akaketi mbele ya sheikh, akavuta kanzu magotini, akanyoosha mkono wa kulia kwa Shakul.

"Amekubali," akasema. "Anasema tusicheleweshe, pilau itaungua."

Ndoa ikafungwa. Shakul alitamka maneno yake huku uso bado unamwaka, na watu walipomjia kumpa mkono baadhi waliushika mkono wake kidogo tu, kwa vidole. Mzee Swaibu alimpa mkono mzima, kisha akashika njia yake. Shakul alielewa kwamba wengine watachukua muda, na wengine hawatasahau, na kwamba pale mwaloni ataitwa jina jingine sasa, labda baya zaidi.

Alasiri wakawaingiza maharusi chumba cha mbele kwa Mugweri, kama ilivyo desturi, wapate rakaa mbili za kuanzia ndoa kabla ya kutoka kwa wageni. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Ukutani hapakuwa na matao wala kalenda, palikuwa na ile friji mpya, bado imefungwa karatasi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Harufu ya samaki iliingia dirishani kama kawaida yake.

Hawakuwa wamesemeshana tangu jana. Shakul alivaa kofia vizuri, akasimama mbele. Jaliah akasimama nyuma yake. Aliposujudu, alikaa sana pale chini, mpaka Jaliah nyuma akasikia anavuta pumzi za kilio, naye akangoja. Hakuna mkono uliomgusa bega. Nje watoto walikuwa wanapiga ngoma za harusi ovyo.

Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Alikaa vilevile, mgongo kwa mke wake, haya zinamzuia kugeuka.

"Umeniombea?" Jaliah akauliza.

Shakul akageuka, akamwonyesha uso ulivyo.

"Nimekuombea."

"Haya," Jaliah akasema, akamfuta machozi kwa ule mkono wenye pete. "Twende tukale."